Monita haipati picha: kabla hujanunua adapta nyingine

 Sisi ni wa meza ya ufundi hapa Dzaleka, shida yetu ni umeme tu, na huo mnaujua wenyewe.

Mwezi uliopita tuliongea juu ya betri za simu zinazovimba, na wengi mmetuletea betri zenu tuziangalie. Asanteni. Mwezi huu tunaandika habari iliyotupa aibu kidogo. Tumekubaliana kuiandika kama ilivyokuwa, kwa sababu kosa letu lilimgharimu mama mmoja hela, na hatutaki limgharimu mwingine.

Ilikuwa Jumatatu. Mama huyo alifika na binti yake, laptopu wameifunga kwenye kitenge kama mtoto. Nyuma yao kijana anasukuma baiskeli, na juu ya kerea kuna monita ya zamani imefungwa kwa mpira.

"Hodi wanangu."

"Karibu mama, pole na jua."

Laptopu ilikuwa imeanguka toka mezani. Kioo chake kilipasuka na sasa ni giza tupu, lakini mashine yenyewe inawaka: taa iko, feni inasikika. Binti alitaka kuomba nafasi ya masomo ya chuo, na fomu zilikuwa zinafungwa Ijumaa. Wanataka nakala ya diploma ya kumaliza sekondari kule Kongo. Karatasi yenyewe ilibaki nyumbani siku walipokimbia, na nyumba haipo tena. Kilichobaki ni picha ya ile karatasi, na picha iko ndani ya laptopu hiyo, hakuna pengine. Simu iliyoipiga ilishauzwa zamani.

Wengine mtasema, si mngetoa diski mkaisoma kwenye mashine nyingine? Tulifikiria. Ila laptopu nyingi za siku hizi zinafunga diski kwa siri bila mwenyewe kujua. Ukiiunganisha kwenye mashine ngeni, inakudai namba ndefu ya tarakimu 48. Nani anayo? Namba hiyo mara nyingi imehifadhiwa kwenye akaunti ya barua pepe iliyotumika siku ya kwanza, na binti alikuwa ameshasahau neno la siri la akaunti hiyo. Basi njia ya karibu ilikuwa ni kuipa mashine kioo kingine.

Walikuwa wameshajaribu. Monita walipewa na jirani, ina tundu la VGA peke yake, lile la buluu lenye vitundu 15 katika mistari mitatu. Laptopu haina VGA, ina HDMI. Mama akatuma mtu Lilongwe amletee adapta ya "VGA na HDMI". Adapta ikaja, ikaingia vizuri pande zote mbili, na monita ikaandika yale maneno ya Kiingereza ambayo wengi wenu mnayajua: No Signal. Yaani haipokei picha.

Kosa la kwanza hilo halikuwa letu, na ndilo tunaloliona mara nyingi kuliko yote.

Adapta ya namna hii ni mkalimani. VGA ilitoka mwaka 1987, nayo inapeleka picha kama umeme unaopanda na kushuka. HDMI ya mwaka 2002 inapeleka picha kama hesabu, sifuri na moja. Hazielewani mpaka akae mtu katikati atafsiri. Na mkalimani wa hapa anatafsiri upande mmoja tu. Mnajua wenyewe kwenye mahojiano, kuna anayesikia Kiswahili akakitoa kwa Kiingereza, lakini ukimgeuza anakwama. Adapta ya mama ilikuwa ya kutoa picha kwenye kompyuta ya zamani yenye VGA na kuipeleka kwenye televisheni ya HDMI. Yeye alitaka kinyume chake: laptopu inatoa HDMI, monita inapokea VGA.

Shida ni kwamba zote mbili dukani zinaitwa jina moja, na zote zinaingia. Angalia kichwa kilichochomoza. Ile inayotoka HDMI kwenda VGA mara nyingi ina kichwa cha HDMI kilichochomoza, cha kuingia kwenye laptopu, na tundu la VGA la kupokea waya wa monita. Ile ya kinyume mara nyingi ina pini za VGA zilizochomoza na tundu la HDMI. Halafu soma maandishi kwenye mwili wake, kwa sababu yapo: HDMI to VGA, au VGA to HDMI. Neno la kwanza ni kule picha inakotoka, la pili ni kule inakokwenda. Muuzaji akikuambia zote sawa, usimwamini.

Sasa kosa letu. Tulipoona adapta ni ya kinyume, na ya haki hatuna, tukaangalia pembeni ya laptopu tukaona lile tundu dogo la mviringo, USB-C. Mmoja wetu akasema, mama, hapa inaingia adapta ya USB-C kwenda VGA, tafuta hiyo, kazi imekwisha. Tulisema kwa uhakika kabisa. Mama akachukua hela ya zamu yake ya upatu, akamtuma tena mtu mjini. Mnajua tangu mwaka 2023, serikali ilipotaka wakimbizi warudi kukaa kambini, safari ya Lilongwe siyo ya kuamka tu na kwenda. Ni zaidi ya kilomita 40, na nauli, na maelezo njiani. Adapta ikafika Jumatano jioni. Tukachomeka. No Signal.

Mama hakusema kitu. Alikaa tu kwenye benchi akiishika ile adapta. Binti ndiye aliuliza, "Sasa kaka, hii nayo ni ya kinyume?"

Hapana, adapta ilikuwa nzima. Tundu ndilo halitoi picha. USB-C ilianza mwaka 2014, na umbo lake ni moja kwa mashine zote, lakini kazi yake siyo moja. Kuna tundu linalopitisha chaji na mafaili tu. Kuna linalopitisha mafaili bila chaji. Kuna linalopitisha vyote pamoja na picha. Kwa macho yote yanafanana kama mapacha. Ukichomeka adapta ya picha kwenye tundu lisilotoa picha, hakuna kinachoungua, hakuna kelele, mashine inanyamaza tu kana kwamba hujachomeka kitu.

Tungelitazama vizuri tungelijua siku ile ile ya Jumatatu. Kando ya tundu huwa kuna alama ndogo. Ukiona herufi D ambayo ndani yake kuna P, linatoa picha. Ukiona mshale wa radi wenye kichwa chini, nalo mara nyingi linatoa. Ukiona ile alama ya uma wenye meno matatu peke yake, au herufi SS, hiyo ni ahadi ya mafaili tu, picha haikutajwa. Na wako watengenezaji wasioweka alama yoyote, hapo dawa ni kugeuza laptopu, kusoma namba ya modeli chini, na kumwomba mwenye intaneti atafute karatasi ya mashine hiyo. Ni kazi ya dakika tano. Sisi hatukuifanya, mama akalipa.

(Kuna adapta za aina nyingine ambazo zinatoa picha hata kwenye tundu la USB la kawaida, zina kompyuta ndogo ndani yake. Lakini hizo zinahitaji programu iwekwe kwanza kwenye laptopu, na ni ghali. Kwa mtu asiyeona kioo chake kabisa, kuweka programu ni kujitafutia kesi.)

Alhamisi asubuhi tukaazima adapta ya HDMI kwenda VGA kwa mwalimu mmoja anayeitumia na projekta ya darasa. Ya upande wa haki, tumesoma maandishi mara mbili. Safari hii tulianza kama tulivyotakiwa kuanza Jumatatu, yaani kujua kwanza ni nani kati ya watatu mwenye ugonjwa: monita, njia, au mashine.

Monita ni rahisi. Iwashe peke yake bila kuunganisha na kitu. Ikiandika No Signal, au habari ya waya, basi iko hai, taa yake ya ndani inafanya kazi. Watu wengi wanayaona maneno hayo kama kifo, kumbe ni dalili ya uzima. Kama monita ina matundu mengi, bonyeza kitufe cha Source au Input mpaka uchague lile ulilochomeka, maana inaweza kuwa inasubiri picha mlango wa mbele wakati wewe umeingilia nyuma.

Njia ni waya na adapta. Chomoa waya wa VGA, ugeuze, tazama pini kwenye mwanga wa jua. Iliyolala inatakiwa inyanyuliwe taratibu. Sisi tunatumia ncha tupu ya kalamu ya bik, ile iliyotolewa kirisasi chake cha chuma, inaingia kwenye pini kama kofia. Usitumie kisu. Na msishtuke mkikuta pini moja haipo kabisa katika mstari wa kati, ya 9. Nyaya nyingi zinatengenezwa hivyo, mtu asikuuzie mpya kwa sababu hiyo. Pini za kuogopa kuliko zote kwa shida yetu ni ya 12 na ya 15, ziko mstari wa tatu. Hazibebi picha. Zinabeba maongezi: ndiko monita inakojitambulisha, mimi ni fulani, ukubwa wangu ni huu. Zikilala, monita inaweza kuwa nzima, rangi zote nzima, lakini laptopu ikakosa kujua kwamba kuna mgeni mlangoni, au ikamtumia picha ya ukubwa asiouweza.

Waya wa mama ulikuwa mzima. Tukaunganisha vyote, tukawasha. Monita ikamulika mara moja, ikazima. Ikamulika tena, ikazima. Hapo kwa kweli tulifurahi, ingawa mama alishika kichwa. Kitu kinachomulika na kuzima kinakuambia picha inajaribu kupita.

Ilikuwa njaa ya umeme. Mkalimani naye anakula. Adapta ya HDMI kwenda VGA inafanya kazi ya kutafsiri kwa umeme wa volti 5 inaoupata kwenye tundu la HDMI lenyewe, na sheria ya HDMI inailazimisha mashine kutoa angalau milliampia 55 tu. Hicho ni kijiko kimoja cha ugali. Laptopu nyingine zinatoa zaidi kwa ukarimu, nyingine zinatoa kile kile cha sheria. Ndiyo maana adapta ileile inafanya kazi kwa jirani na kwako inakataa, watu wanaanza kusema imerogwa. Adapta nzuri zina kitundu kidogo ubavuni cha kuingiza waya wa chaji ya simu. Ya mwalimu ilikuwa nacho. Tukachomeka waya mwembamba toka USB ya laptopu hadi kwenye kile kitundu, monita ikatulia.

Tukazima laptopu, tukatoa chaja, tukabonyeza kitufe cha kuwashia tukakishikilia kama sekunde 30 ili umeme uliobaki utoke, tukarudisha chaja, tukawasha monita ikiwa imeshaunganishwa. Nembo ya mtengenezaji ikatokea kwenye monita. Binti alipiga vigelegele. Kama nembo inatokea, ujue njia yote ni safi, na shida yoyote inayofuata iko kwenye Windows, siyo kwenye adapta. Lakini msikate tamaa isipotokea, maana sio laptopu zote zinazotuma picha nje kabla ya Windows kuamka.

Halafu nembo ikaondoka, na tukabaki na giza, na baadaye picha ya mlima na ziwa. Hakuna kitu kingine. Hakuna mafaili, hakuna sehemu ya kuandika neno la siri.

"Imekufa tena," mama akasema.

Haikufa. Windows ikiona kioo cha pili kwa mara ya kwanza mara nyingi inakichukua kama kiraka cha kuongeza meza, siyo kama meza yenyewe. Mafaili na kila kitu kinabaki kwenye kioo cha kwanza, ambacho ndicho kimepasuka. Kwa hiyo tunayemwona ni mlima tu, na kazi yote inaendelea gizani. Inabidi kuiambia itoe picha ileile pande zote mbili.

Kwa mtu mwenye kioo kizima ni jambo dogo: shika kitufe cha Windows, bonyeza P, chagua Duplicate. Monita ikikataa bado, shika Windows, Ctrl na Shift pamoja ubonyeze B. Kioo kinapepesa, wakati mwingine unasikia mlio, na mashine inaamsha upya sehemu yake ya picha. Sisi tulikuwa vipofu. Binti alibonyeza Enter, akaandika neno la siri bila kuona, taratibu, tumehakikisha kwanza taa ya herufi kubwa haiwaki. Enter tena. Tukasubiri.

Halafu tukafanya kitu ambacho tunaomba mkikate hapa mkiweke nyumbani. Shika Windows na Ctrl, bonyeza Enter. Mashine inaanza kusema. Windows 10 na 11 zina msomaji ndani yake, amewekwa kwa ajili ya watu wasioona, na wengi wetu tumekaa na laptopu miaka bila kujua kama anaishi humo. Anasoma kila unapofika. Ya binti ilikuwa imewekwa Kifaransa, basi ikaanza kuongea Kifaransa cha haraka haraka, watoto wote wa karibu wakakimbilia meza. Binti akainamisha sikio. Windows na P. Mshale wa chini mara moja, anasikiliza. Mshale wa juu. "Dupliquer," ikasema. Akabonyeza Enter.

Kioo chote kikaja kwenye monita. Mafaili, saa, kila kitu, na picha ya familia yao mbele ya nyumba ambayo hatutaielezea hapa, maana ni yao.

Ilikuwa saa tisa na kitu mchana. Hatukupoteza muda, kwa sababu umeme haungojei mtu. Diploma ilinakiliwa kwenye flashi mbili, moja ya binti na moja ya kaka yake, na nyingine tukaituma kwenye barua pepe mpya ya binti, tukamwandikisha neno la siri kwenye daftari. Vyeti vya ubatizo na kadi za chanjo za wadogo zake nazo zilikuwemo, tukazinakili. Saa kumi na moja umeme ukakatika. Ijumaa asubuhi binti alipeleka fomu. Jibu bado halijatoka.

Ile adapta ya USB-C tulimrudishia mama hela yake, tumeigawana wenyewe mezani, na adapta sasa ni mali ya meza. Iko kwenye kopo la biskuti pamoja na waya mmoja wa VGA ulionyooshwa pini, na kamba ya kuzima mabishano: tumefunga kikaratasi chenye picha ya ile alama ya D yenye P ndani. Mwenye laptopu yenye alama hiyo na monita ya VGA aje aazime bure, asitume mtu mjini kwanza. Ya HDMI tumeirudisha kwa mwalimu, lakini amekubali kuiazimisha siku ambazo hana darasa la projekta, yaani Jumatatu na Alhamisi. Ukija, njoo na vitu vyote: laptopu, chaja yake, monita na waya wake wa umeme, na kila adapta uliyonayo hata ile uliyoambiwa ni mbovu. Na uje na anayejua neno la siri.